Udongo wa Ng'ambo ya Kijito

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Kipande alikwenda kugeuza matofali. Baba yake alikuwa mfyatua matofali, na tofali bichi lisipogeuzwa hukauka upande mmoja, likapinda, na tofali lililopinda hakuna fundi anayelitaka. Basi msichana huyu wa darasa la sita aliinama mstari baada ya mstari, hili akililaza ubavu, lile akilisimamisha, vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi. Msidhani ni kazi ndogo. Jaribuni siku moja, halafu mje tuzungumze.

Jina la Kipande alipewa na bibi yake. Alizaliwa mdogo mno, na bibi alipomwona alisema, "Huyu si mtoto, ni kipande cha sabuni kilichobaki bafuni." Watu wakacheka, jina likaganda. Sasa bibi mwenyewe alikuwa amelala pale pale pembeni ya uwanja wa matofali, katika kaburi lililojengewa kwa matofali mazuri kuliko yote ambayo Baba amewahi kuchoma. Kipande akimaliza kugeuza, alichukua ufagio akalifagia. Zamani alifagia huku akiimba. Siku hizi alifagia kimya, kwa sababu kutoka kaburini hadi ukingo wa kijito palibaki nafasi ya kupita mtu mmoja tu, naye awe mwembamba.

Bibi alipogawa ardhi aliwapa wanawe wawili kila mmoja upande wake. "Kijito ndicho mpaka," alisema. "Huku mkubwa, kule mdogo. Na mimi nikifa mnilaze karibu na maji, niwaone wote." Wakamlaza alipotaka. Wakati ule maji yalikuwa mbali na kaburi, na ng'ambo kwa Baba Mdogo ulivuka kwa ubao mmoja tu. Watoto walikwenda na kurudi kutwa nzima bila kuulizwa.

Lakini kijito hakikukaa kilipoachwa. Mbele ya uwanja wa Baba kilipiga kona, na kila msimu wa mvua kiliumega ukingo wake, leo kidogo, kesho kidogo. Ng'ambo, ndani ya kona, mambo yalikuwa kinyume. Maji yalipopungua yaliacha mchanga, juu ya mchanga yakaacha tope laini, na juu ya tope Baba Mdogo akapanda maharage. Yakastawi hasa. Baba aliyatazama maharage yale kila siku, kalibu ya kufyatulia matofali ikiwa mkononi, na moyo wake ukazidi kuchacha.

"Ule ni udongo wangu," alimwambia Mama. "Unaondoka kwangu, unakwenda kwake. Kuna mchezo anaucheza."

"Maji ni maji, Baba Kipande," Mama alijibu. "Yana akili gani ya kumjua mkubwa na mdogo?"

"Maji hayana akili. Mdogo wangu anazo."

Sasa sikilizeni jambo lenyewe lilivyoanza. Siku moja Kipande aliachiwa kazi moja tu, kuyafunika matofali mabichi kwa turubai akiona wingu. Wingu aliliona. Alikuwa ng'ambo akicheza na Domo, mtoto wa Baba Mdogo, aliyeitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Akajiambia bado kidogo. Akajiambia tena bado kidogo. Aliporudi mbio, matofali ya wiki nzima yalikuwa yamerudi kuwa tope.

Baba alimkuta amesimama katikati ya tope lile, na uso wake ulitisha. Kipande alijua kinachofuata. Lakini kabla hajasema la matofali, Baba aliuliza jingine.

"Ulikuwa ng'ambo?"

"Ndiyo, Baba."

"Umemwona Baba yako Mdogo akiweka mawe majini? Mawe ya kuyasukuma maji yaje huku?"

Kipande hakuona jiwe lolote. Alichokiona ng'ambo ni Mama Mdogo akichambua maharage na Domo akitia chumvi hadithi zake. Lakini hasira ya Baba ilikuwa imemsimamia kichwani, na hapo akaona pa kuipitishia.

"Nimemwona," akasema. "Alikuwa akipanga mawe. Ndiyo maana nikachelewa, nilikuwa nikimwangalia."

Baba aligeuka akatazama ng'ambo. Hakumgusa. Hakusema neno juu ya matofali, si siku ile wala siku nyingine. Kipande aliponea chupuchupu, na tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa: alifurahi.

Kesho yake Baba aliung'oa ubao wa kuvukia, akauegemeza nyuma ya nyumba. Kisha alisimama ukingoni akamwita ndugu yake mwizi wa ardhi, kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. Baba Mdogo akajibu kwamba hajui ni mawe gani hayo, na mwenye wazimu akatibiwe. Tangu hapo salamu zikakatika. Shuleni Domo, ambaye angeweza kuzungumza hata na ukuta, alimpita Kipande bila kumtazama. Mara moja tu alimsimamisha mlangoni mwa darasa.

"Baba yako anamwita baba yangu mwizi. Anasema kuna mtu aliyaona mawe. Nani huyo?"

"Sijui," Kipande akasema.

Hivyo ndivyo uongo ulivyo. Ukishaukaribisha mmoja, huja na ndugu zake, nao wote wanataka pa kulala.

Msimu mkubwa wa mvua ulikaribia. Mawingu yalikaa kutwa juu ya vilima, huko kijito kinakotoka, na nguo zilizoanikwa hazikukauka. Asubuhi moja Kipande alikuwa akifagia kaburi, ufagio ukanasa ardhini. Aliinama kutazama. Palikuwa na ufa mwembamba, mrefu, nao ulipita nyuma ya kaburi, upande wa nyumbani. Yaani kaburi zima lilikuwa juu ya ardhi iliyoanza kujitenga iende majini.

Alimwita Mama. Mama alichuchumaa, akatia kidole katika ufa, kikazama chote.

"Mama mkwe anaondoka," alisema polepole.

Siku hiyo, wakila chakula cha mchana, Mama hakuzunguka. "Tumhamishe. Mvua ya kwanza kubwa ikija tutamwokota wapi? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu wetu hata kuzibika hauzibiki."

"Tumhamishie wapi?" Baba akauliza.

Lilikuwa swali la haki. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na mashimo tu, Baba alikochimba udongo miaka nenda miaka rudi, na mvua ikinyesha mashimo yale yalijaa maji hadi juu. Mahali pakavu na pa kuaminika palikuwa kilimani, nyuma ya nyumba ya Baba Mdogo.

"Unapajua," Mama akasema.

"Nimpeleke mama yangu kwa mwizi? Nikampigie magoti mtu aliyepanga mawe ili amzamishe mama yake mwenyewe?" Baba alisukuma sahani yake. "Sitaki kusikia habari hiyo tena katika nyumba hii."

Kipande aliweka tonge chini. Bibi ndiye aliyemlea mgongoni wakati Mama anahangaika kubeba matofali. Ndiye aliyempa jina. Na sasa Bibi angekwenda na maji kwa sababu ya maneno aliyoyasema mjukuu wake ili asigombezwe. Aliona aibu hata ya kukaa pale mezani na watu wengine.

Wiki hiyo hiyo mwalimu wa jiografia aliwatoa darasani. "Leo daftari mziache ndani," alisema. "Leo tunatengeneza mto." Alikuwa na bati la zamani lililokunjwa kingo zake, wakalijaza udongo mweusi wa bustani. Akaliinua upande mmoja kwa jiwe, akachora kwa kidole mfereji wenye kona mbili, moja juu na moja chini. Siku iliyotangulia alikuwa amemwagiza Kipande alete vumbi jekundu la matofali. Alilichukua akalishindilia kwenye ukingo wa kona ya juu, upande wa nje, sawa na ulipokuwa uwanja wa Baba kwenye kijito chao.

"Nikimwaga maji, wekundu huu utakwenda wapi?"

"Ng'ambo," Domo akajibu wa kwanza, kama ilivyo desturi yake. "Utavuka tu, utatua upande wa pili."

Darasa zima likakubali. Hata Kipande alikubali, maana ndivyo alivyosikia nyumbani kila siku.

Mwalimu akamimina maji kwa birika, taratibu. Maji yalifika kwenye kona, yakakimbilia upande wa nje, yakaula ukingo chini chini mpaka juu ukakosa pa kusimama ukadondoka. Upande wa ndani yalikwenda kwa uvivu, yakaacha vichembe. Ila vichembe vile vilikuwa vyeusi. Wekundu uliteremka moja kwa moja, ukapita, ukaenda kutulia kwenye kona ya chini, tena upande ule ule ulikotoka.

"Mwalimu, umekosea kumwaga," Domo akasema.

"Njoo umwage wewe."

Domo akamwaga. Wekundu ukashuka chini vile vile.

"Maji yakienda kwa kasi hubeba," mwalimu alieleza. "Huko kumega na kubeba ndiko mmomonyoko. Yakipunguza kasi hutua mzigo, na mzigo huo ndio mashapo. Mtu akipata ardhi mpya, kwa kawaida sehemu kubwa ya udongo huo si wa jirani anayetazamana naye. Umetoka kwa watu wa juu. Na wa jirani yake umeshuka kwa watu wa chini, ambao pengine hawajuani hata kwa sura."

"Bila mtu kuweka mawe?" Domo aliuliza. Alimuuliza mwalimu, lakini macho yake yalikuwa kwa Kipande.

"Kona peke yake inatosha. Ila binadamu anaweza kuyasaidia maji. Ukingo wenye matete ni mgumu, mizizi imeshika udongo. Yang'oe matete, chimba ukingo, hapo umeyafungulia mlango."

Kipande alikumbuka matete. Yalikuwepo kwao, mengi, alipokuwa mdogo. Baba, alipochoshwa na mashimo ya nyuma ya nyumba, aliyang'oa yote ili aufikie udongo wa ukingoni, kwa sababu udongo ule ulikuwa umelowa tayari na mtu hakuhitaji kuteka maji hata ndoo moja. Kila mfyatuaji aliyepita aliusifu. Uliokoa mgongo.

Alirudi nyumbani na mpango wake. Angemwonyesha Baba lile jambo la bati, Baba angeelewa, na lile neno jingine lisingehitaji kusemwa. Watoto wengi hupanga hivyo, na wakubwa pia. Akachimba mfereji mdogo uwanjani, akashindilia vumbi jekundu, akamwaga maji. Baba alitazama kwa makini. Akachukua kopo, akamwaga mwenyewe, mara ya kwanza na mara ya pili.

"Mwalimu wako amesoma, sibishi," alisema mwishowe. "Lakini mto wake hauna mawe. Wetu unayo. Uliyaona wewe kwa macho yako."

Huko vilimani ngurumo ilisikika, ya mbali. Kipande alitazama kaburi. Ufa sasa ulionekana hata ukiwa umesimama wima.

"Hakukuwa na mawe, Baba."

"Unasemaje?"

"Sikuona mawe. Nilisahau kufunika matofali nikaogopa, ndipo nikasema vile. Baba Mdogo hakuwa hata karibu na maji." Machozi yakamwagika, hakuyafuta. "Nisamehe, Baba. Usimwache Bibi aende."

Baba aliiweka kalibu chini. Alikaa juu ya rundo la matofali, mikono ikining'inia kati ya magoti. Kipande alingoja kofi. Kofi lingekuwa nafuu, kwa sababu Baba alikaa vile vile, akizidi kuinama, mpaka mtoto akaogopa kwamba anaumwa.

"Nilimwita mwizi mbele ya watoto wake," Baba alisema.

Aliinuka akaenda ukingoni, akateremka hadi kwenye maji. Pale chini ya kaburi udongo ulikuwa na alama pana zilizonyooka, ambazo maji yalikuwa bado hayajazifuta. Zilikuwa za koleo lake. Alizipapasa kwa kiganja.

"Lete ubao," akasema.

Waliuleta, wakaulaza juu ya kijito. Haukufika. Kijito kilikuwa kimepanuka, na ncha ya ubao ikatumbukia majini. Basi Baba alikunja suruali, akamshika Kipande mkono, wakavuka kwa miguu katika maji ya baridi.

Baba Mdogo alikuwa akipalilia maharage. Aliwaona, asiache jembe.

"Umefuata mawe?"

"Nimefuata ndugu yangu," Baba akasema. "Mtoto alisema uongo, na mimi nikaufuga. Ukingo niliubomoa mwenyewe kwa koleo langu. Nimekukosea."

Kipande alipaza sauti ili asije akashindwa. "Mimi ndiye niliyesema mawe, Baba Mdogo. Sikuyaona. Nisamehe."

Domo alikuwa mlangoni mwa nyumba. Akasogea hadi kwenye matuta ili asikie vizuri.

Baba Mdogo alipiga jembe mara kadhaa zaidi. "Tangu siku ile napita barabarani nikitazama chini," alisema. "Watu wananicheka nikiwa nasikia. Leo unavuka na samahani ya mkononi, basi yameisha?"

"Hayajaisha. Lakini ufa umepita nyuma ya Mama. Naomba mahali kilimani kwako."

Jembe lilisimama. Baba Mdogo alitazama ng'ambo kwenye kaburi, kisha akatazama vilima vilivyofunikwa na wingu zito. Uso wake ulibadilika kabisa.

"Mama haombewi mahali kwangu," akasema. "Nenda ofisi ya kijiji kachukue ruhusa. Mimi natafuta watu." Alianza kuondoka, akasimama. "Na mimi si malaika, kaka. Nilikuwa nauona ukingo wako ukikatika, nikawa nahesabu matuta ya maharage. Nilifurahi. Sikukuambia hata siku moja, kaka, angalia pale."

Walimhamisha Bibi asubuhi iliyofuata, katika manyunyu, majirani wakisaidia. Watoto hawakuruhusiwa kukaribia. Walipewa kazi ya kuyabeba matofali ya kaburi, nao Kipande na Domo wakavuka na kurudi, kila mmoja na tofali lake kifuani, bila kusemeshana. Wakubwa walipomaliza kuomba kule kilimani, mvua yenyewe ikaanza.

Haikuwa mvua ya kusimuliwa. Kijito kiligeuka rangi, kikavimba, kikaanza kuvuma. Wote walikuwa wamejibanza barazani kwa Baba Mdogo waliposikia kishindo kizito. Ukingo wa kwa Baba uliondoka wote kwa pamoja. Mahali pa kaburi hapakuwepo tena, na muda mfupi baadaye tanuri la Baba la kuchomea matofali nalo likainama likazama, na majivu yake yakachukuliwa na maji. Baba alitazama mpaka mwisho. Kazi yake ya miaka yote ilikuwa pale. Mama alilia kwa sauti, na Baba Mdogo akamshika kaka yake begani.

Mvua ilipokwisha, maisha hayakurudi kama yalivyokuwa. Baba alianza upya kwa kuchimba udongo mkavu mbali na maji, na kila ndoo ya kuulowesha ilibebwa kichwani. Jioni aliketi bila kuvua viatu, kwa uchovu. Maharage ya Baba Mdogo nayo yalikuwa yamefunikwa na mchanga. Domo alianza kumsemesha Kipande tena, ila mara nyingine alinyamaza katikati ya hadithi akamtazama, kisha akasema, "Basi, haidhuru." Kipande aliumia kila mara, na hakuwa na wa kumlaumu.

Siku moja ya mapumziko ndugu wale wawili walipanda matete kwenye kingo zote mbili. Kipande alimshikia Baba miche. Ilikuwa midogo, imelegea, haitamaniki.

"Itashika lini, Baba?"

"Si leo. Labda utakapokuwa umemaliza shule." Baba alishindilia udongo kwa kisigino. "Kuyang'oa kulinichukua siku chache. Ndivyo ilivyo na kuaminiwa, mwanangu. Ukweli siku ile ungekugharimu kugombezwa na machozi kidogo. Uongo ulichukua heshima ya Baba yako Mdogo, ukabakiza kidogo tu umchukue na Bibi. Na mimi ninalo langu. Nilikuuliza huku jibu ninalolitaka nikiwa nalo tayari. Mtu akikuuliza hivyo tena, hata nikiwa mimi, usimpe analolitaka. Mpe lililo kweli, kisha mkabiliane nalo pamoja."

Kipande aliitikia kwa kichwa. Wakaendelea kupanda hadi miche ilipokwisha. Walipokuwa wakiosha miguu, tone la kwanza lilimwangukia Baba shingoni. Akainua uso, akaliona wingu, kisha akamtazama binti yake.

"Matofali umefunika?"

Kipande aliacha kuosha miguu.

"Sijafunika, Baba. Nilisahau."

Baba alivuta pumzi ndefu, akaitoa. Akamnyooshea mkono.

"Haya. Twende mbio."